Saa 36 bila tone la maji: saumu ya Chhath niliyoishuhudia Patna

Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Juzi kwenye uzi mmoja humu ndani mchangiaji aliandika kwamba Wahindu hawajui kufunga, eti wanaacha nyama siku moja, wanakula matunda, basi wameshafunga. Sikumjibu palepale kwa sababu jibu lake ni refu na nilitaka kulikalia kitako. Leo nimepata nafasi.

Nilisoma Patna, mji mkuu wa jimbo la Bihar, mashariki mwa India. Nilipanga chumba cha ghorofani kwenye nyumba ya familia ya Kihindu. Tuelewane mapema: Mhindi ni mtu wa India, awe Mwislamu, Mkristo au Kalasinga. Mhindu ni mfuasi wa dini. Mama mwenye nyumba nilimwita chachi, kwetu tungesema mama mdogo. Mwaka 2023 nilifuatilia saumu yake tangu ngano ilipooshwa mpaka alipokunywa maji, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Sikukuu inaitwa Chhath, maana yake "ya sita". Kilele chake ni siku ya sita tangu mwezi uandame katika mwezi wa Kartik wa kalenda ya Kihindu, siku sita baada ya Diwali, sikukuu ya taa. Inachukua siku nne. Wenyewe ni watu wa Bihar, Jharkhand, mashariki ya Uttar Pradesh na nyanda za chini za Nepal. Anayeabudiwa ni Surya, yaani jua, pamoja na Chhathi Maiya, Mama wa siku ya sita, mlinzi wa watoto. Anayefunga huitwa vrati, kutokana na neno vrat, na mimi neno hilo naliona karibu zaidi na nadhiri kuliko saumu. Mtu ameweka nadhiri, njaa inakuja ndani yake. Wengi ni wanawake, lakini wanaume wapo, na hakuna anayewashangaa.

Mwaka ule ilianza Ijumaa tarehe 17 Novemba. Siku ya kwanza inaitwa Nahay-Khay, "oga ule". Chachi alikwenda kuoga mto Ganga alfajiri, akarudi na maji ya mto kwenye chombo cha shaba, akapika wali, dengu na mung'unye kwa samli na chumvi ya mawe. Mlo mmoja, basi. Kitunguu na kitunguu saumu vilikuwa vimeshahama nyumba tangu Diwali ilipopita. Sisi wapangaji hatukuambiwa chochote, ila sote tuliacha kupika nyama. Ungeanzaje?

Sasa nije kwenye ngano, maana hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Ngano ya sadaka huchambuliwa punje kwa punje, ikaoshwa, ikaanikwa darini juu ya kitambaa safi. Lazima mtu aketi pale ailinde, ndege asidonoe, kwa sababu chakula kilichoguswa na mdomo wa kiumbe kabla ya kutolewa hakifai tena. Kwao hicho ni jutha, makombo. Kuna wimbo wa kale wa Chhath unaosimulia kasuku aliyedonoa matunda ya sadaka, na adhabu iliyompata. Mimi niliombwa nilinde ile ngano kwa saa mbili, nikaoga kwanza, nikavua viatu ngazini. Simu ikaita, nikapokea, nikageuka kidogo tu. Nilipotazama tena, shomoro wawili walikuwa katikati ya kitambaa.

Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeona. Nikashuka nikamwambia. Chachi hakufoka, wala uso wake haukubadilika. Alichukua ndoo, akapanda, akakusanya ile ngano, akaiweka kando iliwe siku nyingine, akatoa nyingine kwenye gunia jipya, akaanza upya kuchambua punje kwa punje. Ilimchukua mpaka jua linazama. Binti yake aliponiona nimeinamisha kichwa akaniambia afadhali nimesema, kwa sababu nisingesema mama angetoa sadaka yenye dosari bila kujua, na nadhiri ya mwaka mzima ingekuwa na ufa.

Kwa siku nne hizo vrati halali kitandani, analala sakafuni juu ya blanketi, anavaa nguo zisizoshonwa au mpya kabisa, na hakasiriki. Hilo la mwisho wanalitaja kama sharti sawa na mengine.

Mleta uzi (naendelea)

Siku ya pili ni Kharna. Alishinda bila chakula wala maji. Jua lilipozama akawasha jiko jipya la udongo kwa kuni za mwembe, akapika mwenyewe wali wa maziwa uliotiwa sukari guru, na mikate. Akatoa sadaka kwanza, kisha akaingia chumbani kula peke yake.

Hapa nyumba nzima ilinyamaza. Televisheni ikazimwa, simu zikazimwa, hata mtoto mdogo alipelekwa kwa jirani. Kawaida yao ni kwamba vrati akisikia sauti ya mtu ikimwita au kelele wakati anakula, anaacha hapohapo, hata kama amekula tonge mbili, na ndiyo imetoka hiyo mpaka mwisho wa saumu. Nilisimama koridoni nikiwa nimebana pumzi. Sijawahi kuona watu kumi na moja wakinyamaza kwa ajili ya mtu mmoja apate kula.

Alipotoka, majirani wakaanza kuingia kula kilichobaki, maana sasa kilikuwa prasad, chakula kilichobarikiwa. Na tangu dakika ile, jioni ya tarehe 18, mpaka jua lichomoze tarehe 20, hakuna tonge, hakuna tone. Saa 36 hivi.

Siku ya tatu jikoni kulikuwa na kazi kubwa. Ile ngano iliyosagwa ilikandwa kwa samli na sukari guru, ikafinyangwa, ikabanwa kwenye kibao cha mti kilichochongwa maua, ikakaangwa mpaka ikawa nyekundu. Inaitwa thekua. Ni ngumu kidogo, inakaa wiki nyingi bila kuharibika, na harufu yake inafika barabarani. Sasa fikiria mtu asiyekula wala kunywa ameketi juu ya karai hilo tangu asubuhi, anakaanga, na haruhusiwi kuonja.

Sadaka hupangwa kwenye nyungo. Ndiyo, nyungo zilezile za kupepetea tunazozijua, zimesukwa kwa mianzi. Ndani yake thekua, mkungu wa ndizi, nazi, balungi, muwa, viazi vitamu, mmea wa manjano ukiwa na majani yake na tangawizi mbichi ikiwa na majani yake. Vyote hivi ni vitu vya shambani kwao, vya msimu uleule. Nyungo zinaingia kwenye kapu kubwa, na mwanamume wa nyumbani analibeba kichwani mpaka mtoni bila viatu. Lile kapu haliwekwi chini njiani.

Tulikwenda upande wa Digha, sehemu ya Patna kando ya Ganga. Njia nzima ilikuwa imefagiwa na kunyunyiziwa maji na vijana wa mtaa, ambao siku nyingine wanatupa taka palepale. Tarehe ile, 19 Novemba 2023, ilikuwa pia fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, India na Australia, kule Ahmedabad. Anayeijua India anajua maana yake. Kila kijana alikuwa na simu mkononi. Lakini ilipokaribia saa kumi na moja jioni, jua likishuka, simu zikaingia mifukoni. Chachi akaingia mtoni, maji yakamfika kiunoni, akakabili magharibi. Alikuwa amepakwa mstari mrefu wa poda ya rangi ya chungwa kuanzia puani mpaka katikati ya nywele. Akainua ungo kwa mikono miwili, akazunguka taratibu, nasi mmoja mmoja tukamimina maziwa na maji mbele ya ungo. Hakuna kuhani. Vrati mwenyewe ndiye anayezungumza na mungu wake.

Na aliyekuwa anaheshimiwa saa ile ni jua linalozama. Watu wa Bihar wanajivunia sana jambo hili, kwamba wao huanza na linaloondoka ndipo waje kulipokea linalochomoza. Niliwahi kulisikia kama maneno tu. Nilipomwona mama wa miaka hamsini na zaidi, midomo imekauka, akitazama lile duara jekundu likizama kwenye ukungu wa Ganga kama anayemsindikiza mgeni, nilielewa kwa nini wanalisema.

Usiku huo nyumbani miwa mitano ilifungwa pamoja juu kama hema, chini yake taa za udongo zikawashwa, wanawake wakaimba. Sauti iliyosikika kwenye vipaza sauti vyote vya mji ilikuwa ya mwimbaji Sharda Sinha, yule ambaye kwa Bihar Chhath haijatimia bila yeye. Nilipokwisha kurudi kwetu nikasoma kwamba amefariki tarehe 5 Novemba 2024, siku ya kwanza ya Chhath ya mwaka ule. Nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri ila saa 36 bila maji kwa mama mtu mzima mimi naona ni hatari. Mama yangu ana kisukari, daktari alimkataza kabisa kufunga. Hao wenye maradhi wanafanyaje?

Mleta uzi

Ni kweli ni hatari, na sitaki mtu asome uzi huu akajaribu. Kuna wanaoanguka majini, ndiyo maana siku hiyo kando ya mto kuna boti za uokoaji na wahudumu wa afya. Mgonjwa halazimishwi. Anayeumwa anampa vrati mwingine ungo wake amtolee, na nadhiri inahesabika. Nadhiri pia hurithishwa: mama mkwe akizeeka anamkabidhi mkamwana, na ukishaipokea unaibeba kila mwaka mpaka nawe umkabidhi mwingine. Familia ikifiwa, mwaka ule hawatoi.

Hatari nyingine ni msongamano. Tarehe 19 Novemba 2012, jioni kama ileile tuliyokuwa Digha, kulitokea mkanyagano kwenye Adalat Ghat (ghat ni ngazi za kushukia mtoni) hapohapo Patna, wakafa watu zaidi ya 15, watoto na wanawake. Chachi alikuwa anatushika mikono tangu tulipoona umati. Alisema tangu mwaka ule haendi tena mtoni bila kuhesabu watu wake anapoondoka na anaporudi.

Mchangiaji

Assalaam alaykum. Mimi Mwislamu na nimesoma kwa heshima. Sisi kwenye Ramadhani tuna nia, tuna daku, tuna futari, na tunajua tunamfungia nani. Hawa nia yao ni ipi hasa? Na kuliabudu jua, kiumbe, mimi moyo wangu unakataa.

Mleta uzi

Waalaykum salaam shekhe wangu. Mimi Mkatoliki, mtoto wa Tanga, nimekula futari za majirani tangu utotoni, kwa hiyo naelewa unakotokea. Sitakuambia ukubali. Nitakuambia wanavyosema wao.

Nilimuuliza chachi swali lako karibu neno kwa neno. Akaniambia miungu mingine anaisikia kwa masimulizi, huyu anamwona kila siku kwa macho yake. Ngano imekomaa kwa nani? Nguo zimekauka kwa nani? Kwake Chhath ni shukurani kabla ya kuwa ombi. Ombi lipo: watoto, afya, mume, mavuno. Katika nyimbo za kale za Chhath umo mmoja ambao mama anaomba ajaliwe binti mchangamfu na mkwe aliyesoma, na yeye aliupenda kuliko zote, maana ana mabinti wawili. Lakini alisema anayefunga kwa kuomba tu hafiki siku ya nne.

Halafu kuna hili ambalo nalifikiria mpaka leo. Sisi tunasema kufunga, neno lenye mlango ndani yake. Unafunga kinywa, unafunga matamanio. Wao kwa Kisanskriti wanasema upavasa, na maana yake ni kukaa karibu. Kukaa karibu na Mungu. Chakula kinaondolewa kwa sababu kinachukua nafasi na muda. Chachi kwa siku nne hakuwa na jambo jingine, kila alichogusa kilikuwa cha nadhiri. Wewe mwenyewe unajua kumi la mwisho la Ramadhani linavyokuwa kwa anayekaa itikafu. Nadhani pale mngeelewana, hata kama kwenye mengine hamtaelewana.

Masimulizi ya asili yake yako mengi. Wapo wanaomtaja Draupadi wa utenzi wa Mahabharata, mke wa ndugu watano walioitwa Pandava, wapo wanaomtaja Karna, mwana wa Surya na mfalme wa Anga, upande wa Bhagalpur ya leo, ambaye alikuwa akisimama majini kuliabudu jua. Watu wa Munger, mji mwingine wa Bihar, wanasema Sita, mke wa Rama, alifungia kwao. Kila mji una lake.

Mchangiaji

Nimekulia Kisutu, Dar, karibu kabisa na mahekalu. Navaratri naijua, Diwali naijua, hii Chhath sijawahi kuisikia. Wahindu wetu hawafanyi?

Mleta uzi

Hujakosea dada yangu. Wahindu wa kwetu wengi asili yao ni Gujarat, magharibi ya India, na Chhath ni ya upande wa pili kabisa wa nchi. Utaikuta zaidi walikohamia watu wa Bihar, kama Mauritius, Fiji na Trinidad.

Wa Kisutu wana saumu zao. Kubwa ya mara kwa mara ni Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, kwa hiyo mara mbili kwa mwezi. Hawali nafaka wala jamii ya kunde, wanakula viazi, karanga, matunda, maziwa na mihogo. Umewahi kuwasikia wakiita muhogo "mogo"? Neno letu hilo, limeingia mpaka kwenye mlo wao wa saumu. Huenda mchangiaji wa ule uzi mwingine alikuwa amewaona hao. Lakini hata Ekadashi ina moja ya mwaka inayoitwa Nirjala, "bila maji", mwezi Mei au Juni, kiangazi kikali cha India. Haina mzaha.

Mchangiaji

Umepamba sana mkuu. Vipi kuhusu matabaka? Nasikia kuna watu hawaruhusiwi hata kugusa kisima.

Mleta uzi

Swali la haki, na nisingependa uzi uishe bila hilo.

Nyungo zile husukwa na watu wa jamii ya Dom. Katika mfumo wa matabaka wamewekwa chini kabisa, kazi yao nyingine ya jadi ni kuchoma maiti. Siku za kawaida kuna nyumba ambazo hawakaribishwi ndani. Lakini Chhath haiendi bila ungo wao. Chachi alikwenda mwenyewe sokoni, akachagua nyungo, akalipa bila kupunguza bei hata rupia moja, kwa sababu kupunguza bei ya kitu cha sadaka ni kujipunguzia nadhiri. Muuzaji alikuwa mama mzee, vidole vimejaa makovu ya mianzi. Nilimtazama nikajiuliza mwezi ujao nani atamkumbuka. Sikulipenda, na bado silipendi.

Na majiko ya udongo, wapo wanawake wa Kiislamu pale Patna wanaoyafinyanga kila mwaka. Aliyemuuzia chachi alimweleza kwamba siku za kufinyanga majiko ya Chhath huacha nyama na vitunguu nyumbani kwake. Hakuna aliyemlazimisha.

Ndiyo maana nilipoona vijana wanafagia barabara nilisema moyoni kwamba saumu ya mama yule imebebwa na mtaa. Dom kasuka, Mwislamu kafinyanga, jirani kampokea mtoto ili kuwe kimya, na mimi nimelinda ngano, vibaya. Wengine, hata matajiri, huweka nadhiri ya kuombaomba: wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba ngano au pesa kidogo ya kununulia sadaka, ili wasije mbele ya jua na kiburi cha mali. Tabaka halifutwi na siku nne, hilo nakubali. Ila nimeona siku nne ambazo hakuna aliyeweza kusema amefanya peke yake.

Mchangiaji

Mimi nasubiri mwisho tu. Alipokunywa maji ilikuwaje?

Mleta uzi

Tuliondoka nyumbani saa tisa usiku. India walikuwa wameshapoteza fainali, vijana walitembea kimya. Ilikuwa baridi, na mto ulikuwa na ukungu mzito. Chachi aliingia majini kungali giza, akasimama akikabili mashariki, mikono imefumbatwa kifuani, anatetemeka. Nyuma yake ngazi zote zilijaa taa. Watoto wakawa wanauliza linakuja lini. Mbingu ikawa ya kijivu, kisha ya waridi, na jua halionekani kwa sababu ya ukungu. Wanawake wakaimba wakilisihi lichomoze. Ilipita saa kumi na mbili, zikapita dakika kadhaa, ndipo likatokea, duara jekundu hafifu, unaliangalia bila kuumia macho. Sauti iliyopanda pale mtoni siwezi kuiandika.

Akainua ungo, tukamimina maziwa, kama jioni. Alipotoka majini miguu ilikuwa imekunjamana na ngozi imekuwa nyeupe. Watu wasiomjua walimfuata kuinama na kugusa miguu yake, kisha wakatandaza ncha za nguo zao kuomba prasad, maana kuomba prasad ya Chhath si aibu, hata tajiri anaomba. Alimpa kila mmoja thekua na ndizi. Nilisimama karibu na chupa ya maji tuliyombebea, nikiwa naihesabu foleni. Hakuiangalia ile chupa mpaka mtu wa mwisho alipoondoka.

Kisha akaketi kwenye ngazi. Akatafuna kipande cha tangawizi na sukari guru, akafumba macho, akanywa maji taratibu, kidogo kidogo, kama anayejifunza. Alipofumbua macho akanitazama, akaniuliza kama nimekula chochote tangu tuondoke nyumbani.